Neno la Kwenye Mifuko

Likasi, Kikula
Jumapili, tarehe 4 Juni 2023

Binti yangu Christiane,

Pokea salamu zetu, wewe na bwana yako Franck na watoto. Sisi tuko, tunasukuma siku. Baridi imeingia Likasi, asubuhi mtu akifungua mdomo anatoa moshi. Umeme, ile courant ya bwawa la Koni, inakuja inavyotaka: jana ilitukuta mezani, tukaonana nyuso, ikaenda zake. Goti la Mama yako bado linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama goti ni lako. Anne wa jirani amezaa mapacha, wasichana wote wawili. Baba yao hajamaliza kushangaa.

Utajiuliza kwa nini barua na si simu. Simu ya nyumba hii inalala ndani ya kitenge cha Mama yako, na ninachotaka kukuuliza sitaki akisikie. Kwa hiyo barua nampa François, dereva wa lori, ambaye kazi yake inampitisha Kasumbalesa mpaka huko kwenu Zambia. Na wewe mpe yeye jibu. Usipige.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana ulimtumia mdogo wako Hénoc neno la Kiingereza, likawekwa kwenye mifuko yake ya mawe. Kazi ya machimbo ya Kamatanda unaijua: kila kundi linatoa mawe ya madini shimoni na kuyapeleka mtoni kuyaosha, na huko mifuko ya watu wote inachanganyika, kwa hiyo kila kundi lina alama yake. Wengine wanaweka msalaba, wengine jina la timu ya mpira. Hénoc alikuja na karatasi yako mkononi, anacheka, akasema, "Papa, Yaya Christiane amenipa neno ambalo Kamatanda nzima haina." GALORE.

Tangu udongo uwaangukie tarehe 12 Februari, sasa karibu miezi minne. Wenzake wawili walitolewa, yeye hakutolewa, na shimo limefungwa. Lakini mifuko yenye neno lile inapita tena hapa barabarani kwetu, kwenye baiskeli, kila wiki. Mama yako ameiona. Alisimama langoni na ufagio wake, akaniambia, "Hénoc iko. Mifuko yake inapita."

Sasa nieleze wewe mwalimu: neno hilo maana yake nini, na wenye lugha wanalitumia namna gani? Nimeliona muda mrefu bila kujua linasema nini.

Baba yako,
Evariste

* * *

Ndola
Jumapili, tarehe 2 Julai 2023

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na Mama pia, ingawa najua hutamfikishia salamu hizi. Watoto wazima. Franck amebadilishiwa zamu kazini, anarudi wakati sisi tunatoka, tunasalimiana mlangoni kama wapangaji. Barua yako imefika juzi tu. François alikaa siku kumi na moja kwenye foleni ya mpaka, anasema mbu wa Kasumbalesa anawajua mmoja mmoja kwa jina.

Neno lako nakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Galore maana yake ni wingi, lakini si wingi wa kila namna. Ni wingi wenye furaha ndani, wa kitu ambacho mtu anapenda kukiona kikijaa. Ukienda sokoni msimu wa maembe ukayakuta yamemwagwa chini mpaka hupati pa kukanyaga, hapo Mwingereza atalitumia. Harusi yenye vinywaji vya kutosha na kubaki, pia. Maji yakijaa ndani ya nyumba yako, hapana, hatalitumia, labda awe anakucheka.

Na lina adabu yake. Halitangulii. Kitu kinatajwa kwanza, lenyewe linafuata nyuma, kama sisi kwetu tunavyosema mawe mingi, bantu mingi: watu kwanza, wingi nyuma. Peke yake halisimami.

Ndiyo hayo. Namna nilivyompa Hénoc neno hili ni jambo dogo, tuliache.

Lakini Papa, na mimi nauliza. Hiyo mifuko ni nani anaiandika? Mama aambiwe kwamba mtu yeyote anaweza kuiga neno. Mwambie wewe, wewe anakusikia.

Binti yako,
Christiane

* * *

Likasi, Kikula
Jumapili, tarehe 30 Julai 2023

Binti yangu,

Asante kwa somo. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, kuku wa Anne wakasikiliza vizuri kuliko wanafunzi wako. Sisi wazima kwa kiasi. Pia paa la jikoni nimelirudishia misumari kabla mvua hazijakuja.

Mama yako unasema ananisikia. Basi sikia wewe. Tangu wiki mbili zilizopita, kila siku saa tano anapika bukari na mboga ya sombe, anafunika kwenye ile sahani ya bluu ya Hénoc, anafunga na kitambaa, anatoka. Anatembea na goti lile mpaka barabara ya Kamatanda, anakaa kwenye jiwe pale zinapopanda baiskeli za mifuko. Anarudi jioni na sahani tupu. Sijamuuliza nani amekula. Nyumbani mezani anaacha kiti kimoja kimevutwa nyuma kidogo, kama cha mtu aliyekwenda kunawa mikono.

Watu wa parokia wamekuja kuuliza siku ya kilio. Miezi inapita, wanasema, hata kama mwili haukutoka, mtoto apate misa yake na watu waketi pamoja na wazazi. Mama yako aliwapa viti, akawapa maji, akawaambia, "Kilio ya muntu mwenye iko anatumika kazi, ni kilio ya nini?" Wakaniangalia mimi. Nikaangalia misumari yangu.

Naogopa, Christiane. Barabara ile ina malori makubwa na vumbi la kuziba macho. Mvua zikianza atakaa kwenye jiwe lile hivyo hivyo, namjua. Nitampoteza na yeye.

Umeniambia neno lile halisimami peke yake. Kwenye mifuko limesimama peke yake. Tangu nisome barua yako, kila baiskeli inayopita naona pale mbele ya neno pametolewa kitu.

Unauliza nani anaandika. Rangi inauzwa sokoni kwa kila mtu.

Baba yako,
Evariste

* * *

Ndola
Jumapili, tarehe 10 Septemba 2023

Papa,

Nawasalimu. Hapa joto limeanza. Mtoto mdogo aliumwa malaria, amepona, sasa anadai kila siku soda ya wagonjwa. Kwa kuchelewa nisamehe. Safari hii François hana kosa, alipita mara mbili akauliza kama nina barua, nikamwambia bado.

Nimekuwa na hasira na wewe, na heshima inanizuia kuiandika yote. Umenijibu kwamba rangi inauzwa sokoni. Papa, mimi ni mtoto wa nyumba ile. Nilipokwenda shule ya bweni nani aliandika jina langu kwenye sanduku, wasichana wote wakafikiri limepigwa na mashine? Miaka ishirini na sita ulikuwa unaandika mapipa na milango ya kiwanda. Mifuko ya Hénoc uliiandika wewe, yeye mwenyewe alinisimulia. Sasa yeye hayupo na mifuko inaandikwa, na Mama anasema ni mifuko yake, maana inafanana. Nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima: ni wewe?

Kama si wewe, basi mimi sijui nifikiri nini, na usiku huu sitaki kufikiri.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alisoma insha yake mbele ya darasa, kuhusu sikukuu kijijini kwa bibi yake. Akafika mahali akasema nyama, mahindi, na hilo neno likafuata. Amelitumia sawasawa. Nilipaswa kumsifu. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji mpaka kengele ikalia. Kuna sababu, ila leo mkono wangu hauwezi. Kwanza nijibu wewe.

Nyuma ya nyumba yetu kuna chumba kidogo. Wakati mwingine jioni nikipita pale nasikia mtu anajigeuza kitandani. Franck anasema ni bati linapoa.

Christiane

* * *

Likasi, Kikula
Jumapili, tarehe 8 Oktoba 2023

Binti yangu Christiane,

Salamu kwa wote, na mtoto apewe soda yake. Hapa mijakaranda imechanua, barabara yote ya chini imekuwa zambarau. Mawingu yanakuja jioni, yanatazama, yanarudi. Mvua iko karibu.

Ni mimi.

Zéphirin, yule mkubwa wa kundi lao, ambaye siku ile alikuwa juu kwenye kamba, alikuja mwezi wa tatu na mifuko mitupu kumi kwapani. Alikaa, akalia kidogo, akasema wanunuzi wanalijua neno la Hénoc, wakiliona hawabishi, na bila neno lile kundi linakufa njaa. Nilitaka kumfukuza. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuchukua brashi, nikamfuata kwake, mbali na macho ya Mama yako.

Unakumbuka Jumamosi zetu. Hénoc analeta mifuko, mimi naandika, yeye ananishikia kopo la rangi na kunisimulia habari za shimoni, nusu uongo. Siku ile kwa Zéphirin, nilipokuwa naandika, kopo lilishikwa. Sikuinua macho. Nilichovya brashi pale ambapo kopo hukaa sikuzote, na kopo lilikuwa pale. Nikamaliza herufi ya mwisho, nikaangalia, kopo liko chini na Zéphirin amesimama mbali, mlangoni. Mimi si mtu wa ndoto, unanijua. Nilirudi Jumamosi iliyofuata.

Mama yako alipoona mfuko wa kwanza ukipita, ningesema palepale, lingekuwa kosa la siku moja. Lakini niliangalia uso wake. Tangu Februari uso ule ulikuwa umefungwa, na pale langoni ulifunguka. Nikanyamaza. Wiki ya pili ikawa vigumu zaidi, ya tatu nikashindwa kabisa. Sasa anapokwenda mazoezi ya kwaya mimi naenda kwa Zéphirin kuandika. Maana nikiacha, mifuko itakwisha, na mtoto wake atakufa mara ya pili, na safari hii atakuwa ameuawa na mimi.

Sasa unajua. Aliyemtuma Mama yako kwenye lile jiwe la barabarani ni mimi, kwa brashi. Niambie nifanye nini. Na wewe useme lako, kwa sababu nimezeeka, lakini bado naona pale unaporuka mstari.

Baba yako,
Evariste

* * *

Ndola
Jumapili, tarehe 29 Oktoba 2023

Papa wangu,

Sina habari za nyumbani leo, tuko wazima, inatosha.

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa. Sikuhukumu. Mwambie Mama. Mwambie kabla mvua haijashika. Hayo ndiyo ninayojua.

Sasa langu. Mwaka jana mwezi wa tisa Hénoc alinitumia barua kwa François huyuhuyu. Aliandika hivi, nimeishika hapa: "Yaya, shimo la mwaka huu silipendi. Udongo unalia. Kwako kuna nafasi? Hata ya kulala tu, kazi nitatafuta mwenyewe." Mwisho akaweka mzaha wake: kama hakuna nafasi, basi nitumie walau neno moja la Kiingereza la kuweka kwenye mifuko, tumechoka na misalaba.

Chumba kile cha nyuma kilikuwepo, Papa. Tulikuwa tumeweka masanduku matupu na baiskeli ya mtoto. Niliogopa Franck atanuna, niliogopa mdomo mmoja zaidi mezani. Nikamjibu mistari mitatu: nafasi hakuna, mwakani tutaona, na neno lako hili hapa. Nilichagua lililo zuri ili lifunike lile lingine. Mdogo wangu aliniomba mahali pa kulala, mimi nikampa neno la wingi.

Wewe uliniambia alirudi nyumbani anacheka na karatasi yangu mkononi. Hakuwaambia nilichomkatalia. Alinificha mpaka mwisho. Hilo ndilo linalonila.

Tangu Machi nimetoa masanduku, nimeweka kitanda na shuka. Hakuna anayelala mle. Lakini nasikia akijigeuza, na si bati.

Msomee Mama barua hii, au usimsomee. Mimi sina haki ya kuchagua. Kama hatanitaka tena mbele yake, nitaelewa.

Christiane

* * *

Likasi, Kikula
Jumapili, tarehe 26 Novemba 2023

Binti yangu Christiane,

Tunakusalimu, na safari hii ni sisi wawili kweli. Mvua imeshika. Paa la jikoni limeshinda, misumari haikuwa ya bure. Mapacha wa Anne wanakaa wenyewe sasa, wanaanguka kwa zamu.

Nilimwambia Mama yako siku ya mvua ya kwanza. Alikuwa anachambua sombe, sahani ya bluu iko tayari kando. Nikaweka kopo la rangi mezani, na brashi juu yake. Nikasema, "Berthe, mifuko ni mimi." Nikangoja anipige, au aanguke.

Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Nilijua kutoka ule mufuko wa pili."

Ule wa kwanza ulipita haraka, akaamini. Wa pili baiskeli ilisimama mbele ya lango kurekebisha mnyororo, akaiangalia herufi R. Mguu wake umepinda kwa nje. Tulipooana nilimwandikia jina lake kwenye malle yake, sanduku lake la nguo, na iko mpaka leo chini ya kitanda, na R yake ina mguu uleule. Miaka thelathini na nane anaivuta malle ile.

Nikamuuliza, basi sahani ilikuwa ya nini? Jiwe la barabarani, la nini? Akaniambia, "Nilikuwa naipeleka ili weye unione. Kila siku nilisema, leo Evariste atasema. Zéphirin alikuwa anakula, anaangalia chini. Weye ulikuwa unagonga misumari." Hapo ndipo alipolia. Mimi pia. Kila mmoja wetu alikuwa anamkinga mwenzake na kifo cha mtoto, na kila mmoja alikuwa anakufa upande wake wa meza.

Jioni kiti kilirudishwa ndani ya meza. Brashi nimempa Zéphirin, aandike mwenyewe vibaya kama anavyoweza. Mifuko niliyokwisha kuiandika itaendelea kupita mpaka itoboke. Jana umepita mmoja, rangi bado mpya. Sikumbuki kuuandika. Sikuuangalia mara mbili.

Kilio kitakuwa Jumamosi tarehe 16 Desemba. Misa saa tatu, halafu watu watakaa hapa nyumbani. Msalaba nitauandika mimi.

Barua yako nilimsomea yote, hata pale pa baiskeli ya mtoto. Aliniomba nirudie maneno ya Hénoc. Baada ya hapo siku mbili hakula. Nilifikiri tumekupoteza, nikaanza kutafuta namna ya kukuandikia. Siku ya tatu nilimkuta kwenye chumba cha Hénoc, amefungua dirisha, anapiga godoro vumbi litoke. Hakugeuka. Akaniambia niandike hivi, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mwambie Christiane aje. Asilale kwa bantu. Kitanda ya Hénoc iko. Kwetu nafasi iko mingi."

Baba yako,
Evariste